Somo: Kupiga picha treni za Uingereza mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka

Habarini ndugu. Kila nikiweka picha hapa swali la kwanza huwa ni lenzi. Lenzi nitaigusa, ila kuna jambo linalotangulia, na nisingependa mlijue kwa kuchelewa kama nilivyolijua mimi.

Nilihamia York 2004. Stesheni yake ya 1877, yenye paa la chuma na vioo linalopinda pamoja na reli, ilikuwa njiani kwangu nikitoka zamu, nikazoea kupita pale na kamera. Treni ya dizeli ya InterCity 125, ile yenye pua iliyochongoka na kichwa kila upande, niliikuta ikiwa na buluu iliyokoza na mstari mwekundu wa GNER, kampuni iliyoendesha njia ya mashariki, ya London mpaka Edinburgh, wakati huo. Desemba 2007 njia ikachukuliwa na National Express, 2009 ikawa East Coast, 2015 Virgin, 2018 LNER, na mwisho wa 2019 LNER ikazistaafisha treni zenyewe. Treni zile zile, jukwaa lile lile, majina matano. Ninazo picha za majina yote matano kwa sababu moja tu: nilikuwa narudi palepale. Picha nilizozifuata mbali huko Scotland ni nzuri na nazipenda, lakini watu wakinitafuta hutaka zile za York.

Hatua ya 1: Chagua stesheni yako

Iwe unayoifikia kwa miguu au kwa basi moja, maana usipoifikia kwa urahisi hutarudi. Isiwe lazima kubwa. St Pancras ina paa la 1868 lenye upana wa mita 73 hivi bila nguzo hata moja katikati, na mtu yeyote mwenye macho atalipiga picha. Kituo kidogo chenye majukwaa mawili na benchi la mbao hakina wapigaji, na ndicho kitakachobadilishwa bila mtu kuweka kumbukumbu.

Ukishachagua, tafuta sehemu mbili za kusimama na uziwekee alama akilini: nguzo ya ngapi, karibu na saa ipi. Mwakani usimame hapohapo, na lenzi yenye urefu uleule.

Hatua ya 2: Ruhusa na usalama

Stesheni nyingi kubwa ziko chini ya Network Rail, shirika linalosimamia reli za Uingereza, na mpigaji wa kujifurahisha anaruhusiwa. Ukifika, pita mapokezi uwaambie wahudumu upo na unafanya nini. Flashi ni marufuku kabisa, kwa sababu inampofusha dereva. Kaa nyuma ya mstari wa njano, wewe pamoja na miguu ya tripodi yako. Usivae koti linalofanana na yale ya kung'aa ya wafanyakazi wa reli, dereva atadhani uko kazini njiani. Ukiruka uzio kuingia relini, faini inafika pauni 1,000, na hiyo ni bei rahisi kuliko bei nyingine. Nyaya za juu zina volti 25,000 na umeme wake unaweza kuruka hewani kukufikia, kwa hiyo fimbo ya selfii juu ya daraja isahauni. Kusini mwa London umeme uko chini, kwenye reli ya tatu, volti 750.

Hatua ya 3: Jua

Sisi tuliokulia Mombasa au Tanga tumezoea jua la utosini, linaloliacha tumbo la behewa jeusi tii. Hapa mambo ni tofauti. Mwezi Desemba jua la adhuhuri York halipandi hata digrii 13 juu ya upeo. Linaingia kwa ubavu, linamulika magurudumu, springi na breki, vitu ambavyo mwezi Juni vinafichwa na kivuli. Watu hufungia kamera kabatini wakati wa baridi, na mimi nasema huo ndio msimu wenyewe. Saa zake ni chache tu: ukitoka nyumbani saa nne asubuhi, saa tisa unusu umemaliza. Jua liwe nyuma ya bega lako, treni ikujie kwa mshazari ili uone uso na ubavu kwa pamoja. Kivuli chako mwenyewe kiangalie, kwa jua hili la chini kinafika mpaka relini.

Hatua ya 4: Kasi ya shata

Treni ya kilomita 200 kwa saa hukata karibu mita 56 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, treni imesogea sentimita tano na nusu hivi, na inayopita mbele yako ubavu kwa ubavu itaonyesha ukungu. Inayokuja kwa mshazari inasamehe zaidi. Mimi naanza na 1/1000 kwa mshazari na 1/2000 kwa ubavu. Fokasi iweke mapema kwenye mataruma pale unapotaka pua ifike, kisha ngoja.

Lenzi: ya milimita 50 hadi 85 inatosha kwa jukwaani. Nimemaliza.

Kuna mtego mmoja. Vibao vya kisasa vya taa vinavyoandika treni inakwenda wapi huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Ukipiga kwa 1/1000 utapata "Edinburgh" iliyokatika herufi. Treni ikiwa imesimama, shuka mpaka 1/125 au chini zaidi.

Hatua ya 5: Piga visivyo treni

Treni ikishaondoka, usishushe kamera. Piga kibao cha jina, duka la chai, toroli, mashine ya tiketi, jukwaa tupu. Mabehewa ya zamani yamehifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho, na Mallard, kichwa cha mvuke kilichofikisha maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, utakikuta kwenye makumbusho ya reli pale York, hatua chache kutoka stesheni. Lakini nani alihifadhi mashine ya tiketi ya 2005? Mimi sikuipiga. Naitafuta mpaka leo kwenye pembe za picha zangu.

Hatua ya 6: Andika siku hiyohiyo

Tarehe, saa, stesheni, jukwaa, namba ya kichwa, ilikotoka na inakokwenda. Miaka yangu miwili ya mwanzo sikuandika, nikiamini nitakumbuka. Ninazo picha mia kadhaa zilizo mayatima. Namba ina maana: tarakimu mbili au tatu za mwanzo ni aina ya treni, zilizobaki ni yake binafsi. 43 ni kichwa cha InterCity 125, 91 ni kichwa cha umeme cha njia ya mashariki, 800 ni treni za Hitachi zilizoshika nafasi ya nyingi kati yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Leeds): Kaka, nimenunua boksi la slaidi sokoni, treni tupu, hakuna tarehe hata moja. Nitajuaje ni za lini?

Jibu: Umeokota dhahabu. Anza na moshi: reli ya taifa iliendesha treni yake ya mwisho ya abiria ya mvuke tarehe 11 Agosti 1968. Mvuke baada ya hapo ni matembezi maalumu au reli zinazoendeshwa na wapenzi wa treni za zamani, na abiria waliojaa madirishani na kamera watakuambia.

Halafu tafuta ile alama ya reli ya taifa, mishale miwili inayopingana. Ilianza 1965, ndipo buluu moja ikaanza kuenea nchi nzima. Kichwa cha dizeli chenye namba inayoanza na D, mfano D9000, ni cha kabla ya kupewa namba mpya miaka ya mwanzo ya sabini. Huyo huyo D9000 akawa 55022. Angalia na dirisha dogo usoni mwa kichwa lenye herufi moja na tarakimu tatu, kama 1S16. Tarakimu ya kwanza ni daraja la treni, S ni kuelekea Scotland. Mapema 1976 waliacha kuzionyesha, kwa hiyo ukikuta sufuri nne au nukta mbili nyeupe, umevuka mwaka huo. Vichwa vya dizeli vya Deltic, aina ya huyo D9000, vilivyokuwa 22 tu, vilimaliza kazi tarehe 2 Januari 1982. Nguzo za taa zilizopakwa nyekundu ni za Network SouthEast, tawi la reli ya taifa lililozinduliwa 1986, na hapo uko London au maeneo ya kuizunguka.

Mwisho angalia juu. Njia ya London mpaka Edinburgh ilikamilishiwa nyaya za umeme 1991. Anga tupu nalo ni ushahidi.

Slaidi za Kodachrome, ile filamu ya zamani ya Kodak, zikiingia skana, zima ile programu ya kufuta vumbi kwa infraredi. Filamu hiyo inaichanganya, nayo inakula maelezo ya picha.

Swali (Leicester): Shikamoo mwalimu. Mimi navaa buibui, na nikisimama peke yangu na kamera stesheni naogopa kuulizwa na polisi. Imeshanitokea mara moja, nikaacha.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeumia kwa jambo lisilokuwa kosa. Fanya hivi: mapokezi kwanza, kila safari, mpaka wakuzoee. Chapa karatasi ya mwongozo wa Network Rail kuhusu wapigaji picha uiweke mfukoni. Ukiulizwa na mhudumu, jibu kwa utulivu na uonyeshe picha ulizopiga. Ujue pia kwamba polisi anayekupekua hana mamlaka ya kufuta picha zako. Mara ya kwanza usiende peke yako. Dada wa Leicester humu mpo, semeni mmoja aandamane naye.

Swali (Reading): Simu inafaa?

Jibu: Inafaa, hasa kwa hatua ya 5. Treni ya mbio itakusumbua jioni, ila mchana utapata.

Swali (Nairobi): Marehemu baba alikuwa fundi wa reli hapa, akisema vichwa vikubwa vya mvuke vilitoka Manchester. Nikija Uingereza nitaona nini?

Jibu: Alisema kweli. Vichwa vya Garratt vya daraja la 59, vilivyopewa majina ya milima ya kwetu, vilijengwa na Beyer Peacock kule Gorton, Manchester, miaka ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34, kila kimoja tani 250 hivi, kwenye reli yenye upana wa mita moja tu. Kiwanda kilifungwa 1966. Jumba la sayansi na viwanda la Manchester lina Garratt iliyofanya kazi Afrika Kusini, ila ulizia kwanza kama ukumbi wake uko wazi siku hiyo. Ya kwetu wewe unayo karibu kuliko mimi: Mount Gelai, namba 5918, iko kwenye makumbusho ya reli hapo Nairobi. Nenda asubuhi kabla jua halijapanda, upige na kile kibao cha chuma chenye jina la kiwanda. Na kama marehemu aliacha picha yoyote ya kazini, hata iliyofifia, ipige nakala uiweke hapa pamoja na unachokumbuka aliwahi kukisema juu yake.