Kuweka na kutoa faili kwenye BBC Micro, bila kulia

Diski isiwe ndani ya draivu (kisanduku kinachoisoma na kuiandika) unapowasha BBC Micro, kompyuta hii ya zamani, wala unapoizima. Naanza na hilo kwa sababu naishi Buruburu na stima yetu ina tabia zake. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kichwa cha draivu kinaweza kuchafua diski iliyo chini yake. Uchafu huo ukiangukia mwanzo wa diski, penye orodha ya majina ya faili, utabaki na kabati limejaa nguo na ufunguo umepotea.

Mashine yangu ni Model B, ile ya kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, iliyotoka mwishoni mwa 1981: kumbukumbu ya kilobaiti 32 na safu ya vitufe vyekundu juu ya kibodi. Niliinunua kwa mwalimu mwenzangu alipokuwa akihama, pamoja na draivu moja ya inchi 5.25 inayopata umeme wake kutoka chini ya mashine yenyewe. Naweka humo hesabu za chama. Mjukuu wangu huja Jumamosi, hunitazama nikibonyeza, kisha huuliza, "Shosho, si hii yote iko kwa simu?" Iko. Lakini simu hainipi raha hii.

Kama mashine yako imekaa stoo miaka mingi, usiichomeke ukutani kwanza. Mpelekee fundi wa Luthuli Avenue afungue pawasaplai abadilishe kapasita za kuchuja umeme. Zangu zilipasuka jioni moja nikiwa namenya viazi, na nyumba ikanuka wiki nzima.

Sasa washa. Skrini ikuonyeshe "BBC Computer 32K", chini yake "Acorn DFS", kisha "BASIC" (lugha ya kuandikia programu) na alama ya >. Hiyo DFS ndiyo programu inayosimamia diski, na inakaa kwenye chipu ndani ya mashine. Usipoiona, draivu ni pambo tu. Na ikitokea umeandika SAVE, amri ya kuhifadhi, mashine ikakujibu "RECORD then RETURN", ujue inadhani una kaseti. Bonyeza Escape, andika *DISC, urudie.

Diski mpya lazima ifomatiwe, yaani ichorewe traki, njia za duara za kuandikia data. Mashine zenye chipu ya 1770 ya kuendesha draivu zina amri ya *FORM 40 au *FORM 80 ndani ya DFS. Yangu ni ya zamani, ina Intel 8271, kwa hiyo kazi hiyo naifanya kwa diski ya programu za ziada. Traki 40 zinakupa kilobaiti 100 kwa upande, traki 80 zinakupa 200. Ukipata diski za inchi 5.25 zilizoandikwa HD (high density), ziache: zinahitaji nguvu ya sumaku kubwa kuliko ile draivu hii inayoweza kutoa. Tafuta za DD (double density). Na ukiziokota kwenye maboksi ya vitu vya zamani, inua kila moja kwenye mwanga wa dirisha uzungushe ule mduara wa ndani taratibu. Madoa ya kijivu ni ukungu. Ukiitia hivyo, itakwaruzika na kukuachia uchafu kichwani mwa draivu, na diski safi inayofuata italipia deni lisilo lake.

Weka diski, lebo ikikutazama juu, funga komeo, kisha andika *CAT (au *. kama una haraka). Utaona jina la diski, namba ya draivu na majina ya faili. Upande mmoja unabeba faili 31 tu, hata kama nafasi imebaki tele. Jina lisizidi herufi 7. Programu yangu ya kwanza niliiita MICHANGO, herufi 8, ikakataliwa. Sasa inaitwa MCHANGO na wanachama hawajalalamika.

Kuhifadhi programu ya BASIC:

SAVE "MCHANGO"

Taa nyekundu ya draivu inawaka, draivu inakoroma, na alama ya > inarudi. Usiguse komeo taa ikiwa bado inawaka. Kisha andika *CAT tena uhakikishe jina limeingia. Mimi huongeza *INFO MCHANGO, ambayo inaonyesha urefu wa faili. Jana ikiwa ndefu na leo ni fupi ghafla, kuna kitu umefuta bila kujua.

Kuitoa: LOAD "MCHANGO" inaileta kwenye kumbukumbu na kukusubiri uandike RUN. CHAIN "MCHANGO" inaileta na kuiendesha papo hapo. LOAD inafuta programu yoyote uliyokuwa ukiandika, na haikuulizi. SAVE nayo inaandika juu ya faili yenye jina lilelile bila kuuliza. Ndiyo maana programu iliyokamilika naifunga kwa *ACCESS MCHANGO L. Herufi L inatokea pembeni ya jina kwenye orodha, na nikijisahau mashine inasema "File locked". Kuifungua, rudia amri hiyo bila L.

Hapa sasa nikueleze lililonipata. Nilikuwa nimeongeza kwenye programu sehemu ya kukokotoa mikopo, kazi ya siku mbili. Nikaandika SAVE, nikaambiwa "Disk full". Nilijua nafasi ipo, kwa maana nilikuwa nimefuta faili kadhaa asubuhi ile. Ni kweli ilikuwapo, ila vipande vipande. DFS haigawi faili: kila moja lazima ikae mahali pamoja bila kukatika, kama matatu inayotaka nafasi moja ndefu ya kuegesha na wewe una nafasi 3 fupi fupi. Dawa ni *COMPACT, inayosogeza faili zote zikae karibu karibu ili nafasi yote iwe mwishoni. Nikaiandika kwa furaha. Diski ikapangika vizuri sana. Nikaandika LIST kuitazama programu yangu, nikakuta takataka. *COMPACT hutumia kumbukumbu ileile inayokaa programu yako kama meza ya kupangia. *COPY na *BACKUP ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiambiwa diski imejaa, usihangaike na diski hiyo. Itoe, tia nyingine yenye nafasi, SAVE humo. Ukishaona jina kwenye *CAT ndipo urudi kwenye ile ya kwanza na *COMPACT yako. Daima nina diski moja tupu, imefomatiwa, imeegemea kikombe cha kalamu kwa ajili hiyo tu.

Kama uligusa kitufe cha Break, kinachoanzisha mashine upya, kwa bahati mbaya, hapo usiogope: andika OLD kabla ya kitu kingine chochote na programu inarudi. Stima ikipotea ni habari nyingine, hakuna OLD ya hiyo. Mimi nahifadhi kila baada ya mistari 10 au 15.

Orodha ya wanachama na pesa zao siyo sehemu ya programu. Inakaa kwenye faili yake:

X=OPENOUT("WATU")
PRINT#X,JINA$,PESA
CLOSE#X

Kusoma tena unatumia OPENIN na INPUT#, kwa mpangilio uleule ulioandika. CLOSE# ndiyo watu huiruka. Data haiendi kwenye diski tone kwa tone, inakusanywa kwanza kwenye kumbukumbu, na usipofunga faili yale ya mwisho hayaandikwi. Kwa chama, ya mwisho ni yule mama aliyelipa kwa kuchelewa, na hakuna atakayemwelewa mwekahazina. Tena OPENOUT ikifungua faili mpya inajitengea kilobaiti 16 mara moja, kisha inarudisha zisizotumika ukifunga. Ukifungua faili ileile na kuifanya ndefu kupita jirani yake, unapata "Can't extend".

Mjukuu wangu alipenda jambo moja tu katika haya yote. Andika *DUMP WATU utaona majina yamelala kinyume: BBC BASIC inaandika maneno kuanzia herufi ya mwisho. WANJIKU anakuwa UKIJNAW. Alicheka mpaka chai ikapoa.

Kama unataka diski ianze yenyewe, andika *BUILD !BOOT, kisha CHAIN "MCHANGO", bonyeza Escape, halafu *OPT 4,3. Baada ya hapo shikilia Shift, gusa Break, achia Break kwanza.

Nakala sasa. Kwa draivu moja, kwanza bandika stika juu ya ule mwanya wa pembeni wa diski ya asili. Kwenye diski za inchi 5.25, mwanya ukifunikwa diski haiandikiki, na hilo litakuokoa siku utakapochanganya ipi ni ipi. Hifadhi programu iliyo kwenye kumbukumbu. Kisha:

*ENABLE
*BACKUP 0 0

Mashine itakuomba ubadilishe diski, ya asili, ya nakala, ya asili, ya nakala. Kwa traki 40 ni mizunguko 5 hivi. Usifanye ukiongea na mtu. Mimi huifanya Jumapili baada ya kanisa, redio imezimwa, na nakala inaenda kwenye bati la biskuti chumbani, mbali na spika. Tarehe naiandika kwenye lebo kwa kalamu ya wino laini kabla ya kuibandika.