Namna ya kuifundisha kwaya wimbo wa Kiebrania "Eli, Eli" kwa ibada ya kuwakumbuka waliozama ziwani

Tarehe 21 Mei huwarudisha watu wengi wa Mwanza kwenye asubuhi ile ya mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika bandarini. Mwalimu wa kwaya anayeandaa ibada ya kuwakumbuka marehemu hao, au wale wa MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, huhitaji wimbo utakaowafariji wafiwa bila kuwahubiria. Napendekeza "Eli, Eli". Ni mfupi mno, lakini unahitaji maandalizi ya uangalifu, kwa sababu nguvu yake hupotea mara tu waimbaji wanapoanza kuulilia.

Anza na maana kabla ya sauti. Waimbaji wakisikia "Eli, Eli" watakumbuka mara moja Mathayo 27:46, kilio cha Yesu msalabani, na kwa hakika maneno hayo mawili ni yale yale, "Mungu wangu, Mungu wangu". Hata hivyo, huyu anayeomba hapa hajaachwa. Anamwomba Mungu kwamba vitu fulani visikome milele, kisha anavitaja: mchanga na bahari, mchakacho wa maji, mmweko wa mbingu, dua ya mwanadamu. Baada ya hapo hasemi zaidi, wala hamtaji marehemu hata mmoja.

Ukiweza, fanya zoezi la kwanza ufukweni, pale Kirumba au penginepo ambapo mawimbi madogo yanasikika, na uwaache waimbaji wanyamaze kwa muda kabla ya kuwapa maneno. Neno "rishrush", yaani ule mchakacho wa maji, limeundwa kwa kuiga sauti, kama sisi tunavyosema majani yanachakacha, na atakayelitamka huku akisikia maji yakigusa mchanga hatahitaji maelezo marefu. Waeleze pia kwamba neno "yam" katika Kiebrania hutumika kwa bahari na hata kwa ziwa kubwa kama lile la Galilaya, kwa hiyo mtu wa Nyanza anayeliimba akiwa na ziwa lake moyoni hajapotosha kitu.

Matamshi ndiyo kazi kubwa, na hapa usiwe na haraka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu hupenda kumalizia neno kwa irabu. Kwa sababu hiyo "hayam" litageuka "hayamu" na "hakhol", yaani mchanga, litageuka "hakholi", na irabu hizo za ziada zitaongeza silabi ambazo mtungaji hakuziwekea nota. Fundisha mkazo wa mwisho katika "haYAM", "haKHOL", "leoLAM" (milele) na "haaDAM" (mwanadamu), lakini "haMAyim" na "hashaMAyim", maji na mbingu, mkazo wao unakaa pale pale tulipouzoea. Sauti ya "kh" ni ile ya "kheri" inavyotamkwa na mtu aliyesoma madrasa. Kama mnaye jirani wa namna hiyo, mwombeni awasomee. Neno la mwisho, "haadam", halitamsumbua mtu, kwa kuwa ndani ya "mwanadamu" wetu yumo Adamu huyo huyo.

Historia ya wimbo uiweke baadaye, maneno yakishatulia vinywani. Shairi liliandikwa na Hannah Szenes tarehe 24 Novemba 1942, akiwa na umri wa miaka 21. Alikuwa binti Myahudi aliyezaliwa Budapest na kuhamia Palestina mwaka 1939, na wakati huo aliishi Sdot Yam, kijiji cha ujima kando ya bahari, jirani na magofu ya Kaisaria. Alilipa shairi jina lenye maana ya "Matembezi kwenda Kaisaria". Mwaka 1944 alishuka kwa mwavuli Yugoslavia, akakamatwa alipovuka kuingia Hungaria, na tarehe 7 Novemba mwaka huo akapigwa risasi Budapest. David Zehavi aliyatungia maneno yake muziki mwaka 1945, na leo Wayahudi huuimba katika kumbukumbu za ndugu zao waliouawa na Wanazi.

Ukitangulia kusimulia kifo hicho, kwaya itaimba kama watu walio makaburini, ilhali mwandishi alikuwa hai, akitembea ufukweni na kuyapenda maji aliyoyaona. Naamini hapo ndipo moyo wa msikilizaji unapoguswa, anapomsikia kijana akiomba uzuri usikome, huku yeye msikilizaji akijua yaliyompata. Huzuni hiyo mwachie mfiwa aliyeketi mbele yenu, ambaye anajua zaidi yenu ziwa lilimchukulia nani.

Kwa hiyo imbeni bila kinanda wala ngoma, kwa sauti ya wastani. Mwimbaji mmoja aanze peke yake, kisha sauti zote nne ziingie katika marudio, na besi wasizidi wengine. Msiongeze pambio wala kibwagizo, na msibadili maneno ili yafanane na nyimbo zenu za injili; ni dua ya watu wengine waliofiwa, na kabla ya kuanza mtu mmoja aseme hivyo wazi, aisome tafsiri ya Kiswahili polepole, kisha akae.

Kama ibada inafanyika Igoma, walikozikwa marehemu wengi wa MV Bukoba, panga majina yasomwe baada ya wimbo. Mwongozaji ashushe mikono taratibu baada ya "haadam", ahesabu moyoni hadi kumi, ndipo msomaji asogee mbele.