Ukipewa draiva mpya ya USB hosti kontrola uipitie, anzia huku

Wakuu, kuna siku utaletewa kiraka (patch, mabadiliko ya kodi) cha mistari elfu mbili tatu, jamaa kaandika draiva ya hosti kontrola (chipu inayoendesha USB upande wa kompyuta) ya keneli ya Linux toka ziro, anataka uipitie kabla haijaingia. Wengi hapo ndo tunaanza kuhesabu nafasi na mabano. Achana nayo, hiyo kazi ina skripti yake, scripts/checkpatch.pl, mwambie mwenyewe aiendeshe af arudi.

Swali la kwanza ni kama draiva yenyewe inahitajika. Kontrola nyingi za siku hizi ndani ni xHCI (muundo wa pamoja wa kontrola za USB) tu hata kama chipu ina jina geni, na xHCI ipo kwenye Linux toka 2.6.31 ya mwaka 2009, watu wameshaisugua sana. Kama ni hivyo kinachotakiwa ni kidraiva kidogo cha kuwasha klok, umeme na PHY (sakiti inayoongea na waya wenyewe), kisha xhci-plat (draiva ya xHCI iliyopo tayari) inamalizia. Ila kama ni kitu tofauti kweli, mfano chipu ya MAX3421 inayoning'inia kwenye SPI (njia ya waya chache za kuunganisha chipu), haya tuendelee.

Usiisome kodi (sio ile ya TRA) kuanzia juu kwenda chini, utachoka kabla hujafika penye utamu. Tafuta struct hc_driver, mara nyingi iko karibu na mwisho wa faili, hapo utaona fanksheni zote muhimu, then chukua URB (ombi la kutuma au kupokea data ya USB) moja uifuate inaingia wapi inatokea wapi. Sheria ni moja: URB ikishapokelewa lazima irudi kwa mwenyewe, na irudi mara moja tu. Kama kifurushi ulichompa konda, kisipofika ni kesi, na konda hawezi kukikabidhi mara mbili.

Kwa iyo kwenye urb_enqueue (fanksheni inayopokea URB) angalia njia za kufeli kwanza. Jamaa akishaita usb_hcd_link_urb_to_ep halafu memori ikakosekana, je anaita usb_hcd_unlink_urb_from_ep kabla ya kurudisha kosa? Na akirudisha kosa asiite tena giveback (ile ya kumrudishia mwenyewe URB yake), maana aliyetuma atakuwa amejibiwa mara mbili. Ukiona kmalloc ya GFP_KERNEL (kuomba memori kwa namna inayoweza kulala) ndani ya spinloku (ukiishika huruhusiwi kulala), hapo hapo andika koment.

Kwenye urb_dequeue (ya kufuta URB) shida ni nyingine. Baada ya usb_hcd_check_unlink_urb, hadiwea inaweza bado inaandika kwenye bafa, sa uliza, kodi inasubiri wapi mpaka kontrola ikiri imeiachia? Bila jibu la hilo swali DMA (hadiwea kuandika memori moja kwa moja) itaandika kwenye memori ambayo keshapewa mtu mwingine, na bagi ya hivyo utaitafuta wiki nzima unalaumu RAM.

Af usb_hcd_giveback_urb, hapa ndo pananiumiza kichwa kila mara. Loku ya draiva lazima iachiwe kabla ya kuiita, kwa sababu aliyetuma URB anaweza kuituma tena palepale, inarudi kwenye urb_enqueue, inataka loku ileile, mashine inaganda. Lakini ukiiachia loku katikati ya kupita kwenye listi, listi yenyewe inaweza kubadilika, na list_for_each_entry_safe haikuokoi, inalinda ile uliyoshika tu, inayofuata ikiondolewa imekula kwako. Mi nilishawahi kupitisha moja ya hivyo, siku ya kwanza imechomekwa webcam ikaanguka.

Deskripta (rekodi ya kazi ambayo hadiwea inaisoma kwenye memori) iandikwe yote kwanza, kisha dma_wmb (inayolinda mpangilio wa kuandika), ndo biti ya kukabidhi kwa hadiwea. Kwenye x86 ukisahau unaweza usione kitu, kwenye ARM utalia. Namba za kwenye deskripta ziwe __le32 (biti 32, little-endian) kama hadiwea ndo inavyotaka, kisha make C=1 ili sparse (kikaguzi cha kodi) iseme.

Intarapti ya kushea irudishe IRQ_NONE kama sio yake. STALL (kifaa kimegoma) ni -EPIPE, paketi fupi sio kosa mpaka kuwe na URB_SHORT_NOT_OK, na actual_length (baiti zilizopita) iwe ya ukweli.

Usikubali "nimetesti na fleshi inafanya kazi". Omba matokeo ya usbtest na testusb ya kwenye tools/usb, keneli ikiwa imewashwa PROVE_LOCKING na DMA_API_DEBUG (vikaguzi vya loku na DMA). Fleshi ichomolewe katikati ya kukopi. Kibodi ya spidi ndogo ichomekwe nyuma ya habu ya USB 2.0, hapo split transaction (habu kubadili spidi kati ya kontrola na kifaa) zinaumbua wengi. Mashine ilazwe na kuamshwa, draiva iondolewe vifaa vikiwa bado vimechomekwa.

Ukijibu, tenganisha yanayozuia kiraka na yale ya ladha yako tu, mtu asihangaike kubadili majina ya variabo wakati loku bado inaua mashine. Reviewed-by (mstari wa jina lako kuthibitisha umepitia) weka ukiwa umesoma yote. Kama umeishia kwenye kyu na loku tu sema hivyo, mwingine atajua aanzie wapi.