Somo: Kumpiga picha mtu ndani ya bedsita anamofanyia kazi

Tuchukue mfano wa fundi wa nguo: chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda huku, cherehani kule, mtungi wa gesi katikati, dirisha moja. Vyumba hivi vimejaa mitaa ya Nairobi kama Pipeline, Umoja na Zimmerman. Beba kamera, tripodi, manila nyeupe 1 na shuka jeupe. Fleshi iache nyumbani.

Hatua ya 1: Ruhusa. Andikianeni picha zitatumika wapi. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Msimamizi wa ploti naye apate habari, la sivyo tripodi yako itazua maneno kwenye ngazi.

Hatua ya 2: Saa. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua halikawii kupanda utosini. Dirisha la mashariki lifanyie kazi saa 1 hadi saa 3 asubuhi. La magharibi, saa 10 hadi saa 12 jioni. Likitazamana na ukuta wa jirani, na mengi ndivyo yalivyo, ngoja saa 6 mchana mwanga ufike chini kati ya majengo. Angalia na rangi ya ukuta huo. Ukiwa wa kijani, shavu la fundi nalo litakuwa la kijani.

Hatua ya 3: Zima balbu. Mwanga wa dirishani una ubuluu, wa balbu ya njano una uchungwa; ukirekebisha mmoja unaharibu mwingine.

Hatua ya 4: Panga chumba, ila usikisafishe kikafanana na hoteli. Hapa ndipo wengi huharibu. Chaki, futi ya kupimia, vipande vya kitenge sakafuni na vitambaa vya kochi vibaki palepale. Ondoa vitambulisho, dawa, na nambari za simu zilizoandikwa ukutani. Sufuria ikimetameta nyuma ya kichwa, sogeza kamera kwanza, kiasi cha kiganja tu. Ikishindikana, ndipo uiguse sufuria.

Hatua ya 5: Simama mlangoni, mgongo koridoni. Kwa umbali wa mita 3, lenzi ya 24mm kwenye kamera ya fremu kamili huona upana wa mita 4.5, ya 35mm, mita 3 hivi. Mwenye kamera ya sensa ndogo, APS-C, atumie 16mm badala ya 24mm. Kamera ikae kimo cha mita 1.1, isiinamishwe wala kuinuliwa, maana kabati litaonekana linaanguka.

Hatua ya 6: Mweke fundi mita 1 hadi 1.5 kutoka dirishani, dirisha likiwa ubavuni mwake. Akiwa nusu mita, uso unawaka na kitanda nyuma kinazama gizani. Manila iegemeze kitini upande wa kivuli, nusu mita kutoka shavuni, irudishe mwanga usoni. Anza na tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/60 ya sekunde, na wepesi wa kuhisi mwanga ISO 800, kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Usimwambie atabasamu, mpe kazi ya kweli, atunge uzi kwenye sindano. Anapolamba ncha ya uzi na kufumba jicho moja, bonyeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, dirisha langu linatoka jeupe pepe. Nifanyeje?
Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka. Bado? Punguza mwanga stopu 1, yaani kwa nusu, kisha inua vivuli kwenye RAW. Njia ya tripodi, ya kuunganisha picha 3 zilizopishana mwanga kwa stopu 2, inafaa chumba kitupu. Mtu akipumua tu, kingo zake zinatoka mbili.

Chumba changu hakina dirisha, natumia taa ya LED, na picha zina mistari myeusi.
Stima yetu ni ya 50Hz, kwa hiyo taa za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Rudisha kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100. Kwa 1/250 mistari inaweza kurudi.

Simu je? Ile lenzi yake pana, 0.5x, inaonyesha chumba chote.
Inaonyesha, na inavuta kichwa cha aliye pembeni kama tikiti. Mweke mtu katikati, au tumia lenzi ya kawaida, 1x, na urudi nyuma koridoni. Majirani wakitaka kupita, wapishe.

Ukuta ni mabati ya buluu, na nusu ya uso inatoka ya buluu.
Ukirekebisha rangi ya picha nzima, nusu ya pili itageuka njano. Tundika lile shuka juu ya mabati, upande usioonekana kwenye fremu.