Kabla hujanunua risiva ya dishi la mota, isome mgongoni

Ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, nafundisha fizikia sekondari, na uani kwangu kuna dishi la sentimita 120 linalogeuka lenyewe. Jioni nikishasahihisha madaftari nalipeleka kwenye setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, nalirudisha, nalipeleka mpaka ile ya 68.5. Majirani wanaoliona likitembea huuliza swali lilelile: mwalimu, ninunue risiva gani? Nami huuliza kwanza: mota yako inakula umeme kiasi gani?

Mota ndogo ya dishi haina waya wake wa umeme. Nguvu yote inayoigeuza inapanda kwenye kebo ileile inayoshusha picha, ikitoka kwenye tundu la LNB (kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi) nyuma ya risiva: volti 13 kwa chaneli zenye mawimbi ya wima, volti 18 kwa zenye ya mlalo. Amri za kugeuka nazo zinapita humohumo, kwa lugha ya DiSEqC. Kwa hiyo unaponunua risiva ya dishi la mota unanunua pia chanzo cha umeme cha mota. Maneno makubwa yaliyoandikwa mbele ya boksi hayakuambii lolote kuhusu hilo. Geuza risiva yenyewe, tafuta maandishi madogo kando ya tundu. Ukikuta 13/18V na 500mA, yaani miliampia 500, endelea kuongea bei. Ukikuta 300mA, irudishe kwenye rafu.

Nimelijua hili Hombolo kwa kaka yangu, anayelima zabibu na kutumia sola. Nilimchagulia risiva nyepesi ya volti 12 ili iende moja kwa moja na betri. Kwenye dishi lililofungwa ilifanya kazi vizuri. Tulipoweka mota, kaka akabonyeza chaneli iliyo kwenye setilaiti nyingine, dishi likatikisika kidogo kama mtu anayetaka kuinuka, kitaa cha kijani kikazimika, chekundu kikawaka, risiva ikaanza kujiwasha upya. Tukarudia mara nne, mambo yakawa yaleyale. Nikaifungua mota nikasoma kibandiko chake: inapoanza kugeuka inataka hadi miliampia 350. LNB peke yake ilikuwa inakula kama 120. Jumla 470, na risiva imeandikwa 0.3A, yaani miliampia 300. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inajikinga isiungue. Tulipopata ya 500mA, yenye adapta ya ampia 2, dishi liligeuka mara ya kwanza bila kusitasita.

Kebo nayo inahusika, hata kama umekuja dukani kununua risiva tu. Kebo nyingi za RG6 zinazouzwa mitaani zina kiini cha chuma kilichopakwa shaba juu. Kwa picha hazina shida, lakini kwa umeme wa mota zinapoteza volti njiani, na ukishavuta mita 30 kutoka sebuleni hadi kwenye nguzo unahisi tofauti. Nenda na sumaku ndogo. Chuna ncha ya kebo, gusisha sumaku kwenye kile kiini: kikinasa, ni chuma. Cha shaba tupu hakinasi.

Jambo la pili ninaloliangalia ni kama risiva inakubali kwamba sisi tuko kusini. Mfumo wa USALS, uliotoka kwa kampuni ya STAB ya Italia, unakurahisishia kazi sana: unaiambia risiva ulipo, nayo inapiga hesabu ya kila setilaiti yenyewe, badala ya wewe kutafuta na kuhifadhi moja moja kwa DiSEqC 1.2. Ila risiva nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na herufi N kwenye latitudo. Nilipofunga yangu nilisahau kuibadilisha. Nikaiambia iende 68.5 Mashariki, dishi likaanza kuelekea Bahi badala ya Morogoro. Aliye kaskazini ya ikweta anatazama kusini, mashariki iko kushotoni kwake. Sisi tunatazama kaskazini, mashariki iko kuliani. Herufi moja tu inapindua upande wote.

Basi mwombe muuzaji aiwashe hapohapo dukani. Ingia menyu ya mota, chagua USALS, andika longitudo 35.7 E na latitudo 6.2 S. Kama haikubali S, au haikubali desimali, ondoka. Na tafadhali usinakili dakika za ramani kama zilivyo: Dodoma ipo nyuzi 6 na dakika 10 kusini, na dakika 10 ni sehemu ya sita ya nyuzi, kwa hiyo ni 6.17, si 6.10. Wanafunzi wangu hukosea hapo kila mwaka, na mafundi pia. Aliyeko Kondoa aandike 4.9 S na 35.8 E, Singida mjini 4.8 S na 34.7 E.

Kwa nini nasisitiza desimali? Kwa sababu hapa tupo karibu na ikweta, na setilaiti za pembeni zinahitaji mzunguko mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kutoka 35.7 mpaka 68.5 ni tofauti ya nyuzi 33 hivi, lakini mota inabidi izunguke kama nyuzi 38, kwa kuwa sisi tupo juu ya uso wa dunia na setilaiti zinazunguka kitovu chake. Hesabu hiyo inafanywa na risiva. Ukiipa namba ya kukadiria, katikati utapata picha nzuri na pembeni utaambulia patupu.

La tatu linawashika wengi wakiwa wameshalipa. Kama utaweka LNB mbili kwenye dishi moja, swichi ya DiSEqC 1.0, inayochagua LNB ipi itumike, inakaa baada ya mota, kati yake na LNB. Sasa kuna risiva ambazo menyu yake inakuruhusu kuchagua swichi au mota, si vyote viwili kwa setilaiti moja. Jaribu dukani: weka USALS, kisha rudi kwenye swichi uchague tundu la pili. Ukirudi kwenye mota ukute imejizima, hiyo haikufai.

Mwenye dishi kubwa la C-band (mawimbi ya setilaiti yanayohitaji dishi kubwa), la mita 1.8 au 2.4 linalosukumwa na jeki ya volti 36, yuko kwenye habari nyingine. Jeki haipewi umeme na risiva, ina boksi lake lenye transfoma. Kwake DiSEqC 1.2 inatosha, na kile kipimo cha miliampia hakimhusu sana.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. DVB-S2 (mfumo wa kurusha kwa setilaiti) na H.264 (mfumo wa kubana picha) ni lazima, H.265 ni bora iwepo kwa sababu chaneli zinahamia huko. Kinachofaa kulipiwa zaidi ni utafutaji usiohitaji uandike frikwensi, tena ule unaonasa hata simboli reti (kasi ya kurusha data) ndogo chini ya 2000. Anga hubadilika. Oktoba 2024 setilaiti ya Intelsat 33e iliyokuwa 60 Mashariki ilivunjika vipande, na orodha zilizohifadhiwa kwenye risiva kwa nafasi ile zikabaki namba tupu. Risiva ambayo huwezi kuongeza setilaiti wala kuhariri frikwensi kwa mkono itakuzeekea upesi.

Haya yote ni kwa chaneli za bure. Azam iko 7 Mashariki, DStv iko 36, na kila mmoja anataka king'amuzi chake. Kwa hivyo dishi dogo lililofungwa linatosha, usilitafutie mota. Na muuzaji akikuahidi kwamba risiva yake inafungua za kulipia bure, usimnunulie. Ni wizi, na siku njia ile ikifungwa unabaki na kifaa ambacho hukukichagua kwa ubora wake.

Kubaliana na muuzaji siku saba za kurudisha, kisha itumie siku ya kwanza hasa. Nguzo iwe imesimama wima kwa timazi, na uhakikishe mota inaweza kulazwa mpaka latitudo 6, maana nyingine zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na kipimo chao kinaishia 20. Anza na 36 Mashariki: kwetu iko karibu kabisa na kaskazini halisi, na ni ya juu sana, nyuzi 82 na ushee kutoka upeo wa macho, ndiyo maana dishi linaonekana kama limelala chali. Hata chaneli zikiwa zimefungwa, kipimo cha ubora kinasoma. Andika namba unayoiona, tuseme 78. Nenda 7, rudi 36. Nenda 68.5, rudi 36. Fanya hivyo mara kumi, nusu yake ukiwa kwenye chaneli ya volti 13, ambako mota hujikokota, na nusu kwenye 18, ambako risiva dhaifu hujizima. Ikirudi 78 au 77 kila mara, kaza nati zote. Ikianza 78 ikashuka 70, kisha 61, fungua tena kibano cha mota uangalie kama kinateleza kwenye nguzo, na ufanye hivyo kabla ya Julai, maana upepo wa Dodoma ukianza utakimalizia.