Uzamili wa elimu ya muziki: jinsi mwalimu wa Afrika Mashariki anavyojiandaa na kuomba

Anza kujiandaa miezi 18 kabla ya kuingia darasani. Muda huo unaonekana mrefu, ila nadharia ya muziki peke yake hula miezi sita hadi minane, na nyaraka huchukua mitatu mingine. Vyuo vingi vya muziki vya Marekani hufunga maombi kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari kwa masomo yanayoanza Agosti. Anayeanza Oktoba hukwama kwenye video ya kufundisha na barua za wadhamini, yaani watu wanaokupendekeza chuoni, vitu viwili ambavyo fedha haziviharakishi.

Shahada ipi hasa

Majina ya shahada hupotosha. Uzamili wa muziki unaweza kuwa wa upigaji ala au utunzi, na hapo utapimwa kwa vidole na sauti yako. Uzamili wa sanaa katika muziki mara nyingi huelekea kwenye historia au utafiti wa muziki wa jamii. Uzamili wa kitivo cha elimu unaweza kukupa mitaala, upimaji na uongozi wa shule bila kozi hata moja ya muziki. Unachotafuta ni programu yenye falsafa ya elimu ya muziki, saikolojia ya kujifunza muziki, mbinu za utafiti, na tasnifu au mradi mwishoni. Soma orodha ya kozi pamoja na majina ya wanaozifundisha. Kama hakuna mhadhiri hata mmoja aliyechapisha kuhusu ufundishaji wa muziki, utakosa msimamizi hata idara iwe na sifa kiasi gani.

Karibu na nyumbani, vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno nchini Kenya na Makerere nchini Uganda hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika muziki. Uingereza uzamili wa kozi huchukua mwaka mmoja na una krediti 180, ambapo tasnifu kwa kawaida hubeba 60. University College London ina uzamili wa elimu ya muziki kwa jina hilohilo. Marekani ni krediti 30 hadi 36, kwa kawaida miaka miwili. Zipo pia programu zao za likizo ya kiangazi, lakini zimepangwa kwa walimu walioajiriwa kulekule na mara nyingi hazina ufadhili.

Mwenye stashahada ya TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au ya Dhow Countries Music Academy, Zanzibar, apitie kwanza shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tumaini Makumira vinafundisha muziki katika ngazi hiyo. Miaka ya ngoma na ala za nyuzi za taarab kama udi na qanun haipotei. Itarudi kuwa mtaji wakati wa kuandika swali la utafiti.

Jambo moja huwaumiza watu baada ya kuhitimu: uzamili hauzibi pengo la ualimu. TSC, tume ya walimu ya Kenya, husajili walimu kwa msingi wa mafunzo ya ualimu, yaani shahada ya ualimu au shahada nyingine iliyofuatwa na stashahada ya uzamili ya ualimu. Mwenye shahada ya sanaa pekee anaweza kurudi na uzamili mzuri na bado asisajiliwe. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa ada, hasa kwa shahada za mtandaoni: Tanzania uliza TCU, tume ya vyuo vikuu; Kenya uliza CUE, tume ya vyuo vikuu vya huko, na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma; na uhifadhi majibu yao.

Swali la utafiti ndilo linalokupa nafasi

Kamati ya udahili imeshasoma mara nyingi mno kwamba mwombaji amependa muziki tangu utotoni. Inachotaka kujua ni jambo gani la ufundishaji linakusumbua kiasi cha kukupeleka chuoni tena. "Umuhimu wa muziki wa asili shuleni" si swali, maana jibu lake linajulikana kabla hujaanza. Linganisha na hili: katika shule za sekondari msingi nchini Kenya, ambako muziki umeunganishwa na sanaa nyingine na michezo katika somo moja, mwalimu aliyesomea michezo anafundishaje mdundo? Hapo kuna mahali, kuna watu, na kuna kitu cha kwenda kutazama. Au hili: mtoto anayejifunza maqam, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kwa sikio kutoka kwa fundi wa taarab hupata nini, na hukosa nini, anapoanza kusoma nota?

James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda, ni mfano mzuri. Alifanya kazi ya kufufua bigwala, tarumbeta za vibuyu za Wasoga ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na uzamivu wake wa elimu ya muziki akaufanya Oakland University, Marekani. Namna vijana wanavyojifunza kwa wazee ni swali la elimu ya muziki kamili, na mtu wa huku analijua kwa kuliishi.

Kabla ya kuandika, sikiliza. Maktaba ya ILAM, hifadhi ya rekodi za muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na sasa iko Rhodes University, Afrika Kusini, ina rekodi nyingi za Afrika Mashariki za wakati huo. Ukitaja mdundo au wimbo ulioulinganisha na unavyoimbwa leo, andiko lako linapata uzito ambao maneno ya jumla hayawezi kuupa.

Solfa haitoshi

Walimu wengi wa kwaya huku wamelelewa na solfa (nota za do, re, mi), na wanaisoma kwa kasi ya kushangaza. Ni hazina kwa sikio. Tatizo linakuja kwenye mtihani wa kupima kiwango ambao vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi wapya wiki ya kwanza: upangaji wa sauti nne, uchambuzi wa kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) kwa namba za Kirumi, imla ya muziki, yaani kuandika nota unazozisikia, na historia ya muziki wa Ulaya. Ukianguka hufukuzwi, bali unapangiwa kozi za marudio. Kwa kawaida kozi hizo unazilipia na hazihesabiwi kwenye krediti za shahada, na zinaweza kukuongezea muhula mzima.

Fanya hivi. Kila siku dakika 30, chukua wimbo wa kwaya unaoujua kwa solfa na uunakili kwenye mistari mitano, sauti zote nne, kwa funguo ya G na ya F. Besi ndiyo inayowachelewesha wengi. Ipe nusu ya muda huo. Baada ya miezi miwili geuza: pokea nota usizozijua na uziimbe kwa solfa bila kinanda. Kisha ingia kwenye kanuni za uongozaji wa sauti, kama kuepuka nane na tano sambamba, yaani sauti mbili kusogea pamoja zikiwa zimeachana nane au tano. Ngazi ya 5 ya nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, iwe kituo cha kwanza tu. Kwa mtihani wa uzamili lenga ngazi ya 8. Imla ifanye na mwenzio akupigie kinanda, kwa sababu ukijipigia mwenyewe tayari unajua jibu.

Video ya kufundisha

Programu nyingi huomba dakika 15 hadi 30 za somo halisi. Kosa kubwa ni kutuma tamasha: watoto wamevaa sare, wanaimba wimbo wanaoujua, mwalimu anaongoza. Hapo hakuna kujifunza kunakoonekana. Rekodi somo ambalo wanafunzi wanaanza na kitu wasichokiweza. Kamati hutazama unafanya nini wanapokosea: je, unarudia kwa sauti kubwa zaidi, au unagawa mstari vipande viwili, unapunguza kasi, unawapa mdundo kwa miguu kwanza?

Simu ilale kwa mapana, juu ya kitu kisichotikisika, pembeni mwa darasa ili uso wako na nyuso za wanafunzi zionekane pamoja. Iweke mita nne au zaidi kutoka kwenye ngoma; ikiwa karibu, sauti hupasuka na hakuna programu ya kuirekebisha. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Usikate katikati. Ukifundisha kwa Kiswahili weka manukuu ya Kiingereza, na usihamie Kiingereza ambacho darasa halikitumii, maana ukakasi wake huonekana. Pata idhini ya maandishi ya wazazi na ya mkuu wa shule kabla ya siku yenyewe.

Nyaraka na fedha

Jina liwe moja kwenye vyeti, transkripti na pasipoti. Kama yanatofautiana hata herufi moja, tengeneza kiapo mapema. Transkripti nyingi hutakiwa zitumwe na chuo chenyewe, kwa hiyo ukizipeleka mwenyewe zitakataliwa. Wadhamini wape wiki sita hadi nane pamoja na ukurasa mmoja unaowakumbusha ulifanya nini nao, na uwaombe watumie baruapepe ya chuo, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya maombi hutilia shaka anwani za kawaida. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili; usifanye mapema mno.

Marekani ufadhili mkubwa hutoka idarani kwa njia ya usaidizi wa kufundisha: unasamehewa ada yote au sehemu, na unalipwa posho kwa saa 10 hadi 20 za kazi kwa wiki. Viza ya mwanafunzi hairuhusu zaidi ya saa 20 muhula ukiendelea. Taja waziwazi kwenye barua yako unachoweza kubeba: kuongoza kwaya, kikundi cha ngoma, kinanda kwa wanaoanza. Uingereza kuna Chevening, ufadhili wa serikali ya huko, inayodai uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na kurudi nyumbani kwa miaka miwili, na kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kwa vyuo vya hapa ukanda, fuatilia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani.

Ukirudi kukusanya data

Utafiti shuleni unahitaji kibali cha kimaadili cha chuo, kisha cha taasisi ya sayansi ya nchi: NACOSTI Kenya, UNCST Uganda, COSTECH Tanzania. Panga miezi mitatu kwa vibali pekee. Kwa watoto unahitaji saini ya mzazi na ridhaa ya mtoto mwenyewe. Muhula wa mwisho wa mwaka shule zimefungwa na mitihani, na Kenya muhula wa pili darasa la muziki linageuka mazoezi ya tamasha la kitaifa. Kama unachunguza ufundishaji wa kila siku, uwe na kibali mkononi kufikia Januari.