Jinsi ya kumwambia mtu anakukera bila kushikana mashati (kwa tunaoishi Dodoma)

Tuanze na ukweli kwamba wengi wetu hatusemi. Mtu anakupita kwenye foleni kama we ni nguzo ya umeme, anafungulia klipu kwa sauti kwenye daladala, anapaki gari kwenye geti lako, na wewe unafanya nini, unasonya. Tena unasonya kimoyomoyo. Ukifika nyumbani unamsimulia mumeo nusu saa nzima, mume mwenyewe hakuwepo na wala hana la kumfanya huyo mtu. Au unameza, unameza, unameza, siku unakuja kumlipukia mtu mwingine kabisa ambaye kosa lake ni kukukanyaga kidogo, watu wanabaki wanaulizana huyu dada ana nini.

Mi nilikuwa hivyohivyo mpaka bibi mmoja wa Kigogo aliponifundisha, na siku hiyo aliyekuwa anakera ni mimi. Nilikuwa kwenye daladala ya Nkuhungu jioni, imejaa mpaka mlangoni, naongea na simu na mdogo wangu mambo ya mchango wa harusi, kila nikisema "hallo" naongeza sauti maana mtandao unakatakata. Bibi kakaa pembeni yangu na kapu lake, kanivumilia weee, afu akaniuliza taratibu kabisa, "Mjukuu wangu, huyo unayeongea naye yuko wapi?" Nikamwambia yuko Mwanza bibi. Akasema, "Aah. Basi zima tu hiyo simu, anakusikia."

Gari zima lilicheka, konda ndo alicheka kuliko wote. Na mimi nikacheka, nikakata simu, na cha ajabu sikuona nimetukanwa. Nimekaa na hiyo kitu kichwani siku nyingi najiuliza kwanini. Angesema "we dada hebu punguza sauti, hapa sio kwenu" ningemjibu, najijua. Ila aliniita mjukuu, akaniuliza swali, akanichekesha, afu akasogeza kapu lake nikae vizuri. Yaani aliniambia nimekosea na palepale akanipa pa kutokea. Hiyo ya pa kutokea ndo kazi yote.

Sasa unaanzaje. Kwanza jina la kumwita, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo kabla hata hoja haijafika. Ukianza na "we" umeshapoteza, hata kama una haki kama mtume. Mzee wa makamo muamkie kwanza shikamoo, mtu akishaitikia marahaba inakuwa ngumu sana kukufokea, jaribu uone. Kijana muite mdogo wangu au kaka, usimuite "dogo" kama hamjuani. Wanawake hapo kuwa makini, ukimuita mama mtu wa miaka 28 aliyevaa vizuri anaenda zake Mtumba, kwenye mji wa serikali, kazini umeshamkera wewe kuliko alivyokukera yeye, sema dada ukae salama. Na kwa hapa Dodoma kuna neno moja ni kama ufunguo malaya, linafungua kila mlango: "mkuu". Samahani mkuu. Dereva ni mkuu, mlinzi ni mkuu, mkurugenzi ni mkuu.

Hili la vyeo nalo tuliseme maana huu mji una tabia zake. Tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi 2016, afu 2018 ukapewa hadhi ya jiji, tumejaa watu kutoka kila mkoa na nusu yao wana vitambulisho vya kazi shingoni. Sehemu nyingine mtu akikwambia "unanijua mimi ni nani?" unacheka unaondoka. Hapa unaweza kukuta kweli ulitakiwa umjue. Hasa Bunge la bajeti likianza Aprili. Kwahiyo ukisikia hilo swali usijibu "hata ungekuwa nani", hapo unamlazimisha akuonyeshe. Mi huwa nasema tu "hapana mkuu sijabahatika, ila naomba gari lisogee kidogo nipite". Yeye amebaki na ukubwa wake na wewe umepita.

Pili, sema mapema. Dakika ya kwanza sauti yako bado ni ya kawaida, dakika ya 20 umeshamjengea kesi kichwani, umeshaamua hana malezi, na hilo linasikika hata ukisema "samahani".

Tatu, omba, usihukumu. Usiseme "unakera". Sema shida yako wewe: kichwa kinaniuma, mtoto ndo kwanza kalala, nina kifua vumbi linanisumbua. Mtu akiambiwa hana adabu anajitetea, akiambiwa mwenzake anaumwa kichwa anapunguza spika na anajiona mwema kabisa. Ndiyo, kichwa changu kimeuma sana tangu nihamie hapa. Mungu anisamehe.

Utani pia unasaidia ila uwe na uhakika na unayemtania. Mi Mnyamwezi, na Wagogo ni watani zangu tangu enzi za misafara ya wapagazi ilipokuwa inakatiza Ugogo kwenda pwani, kwahiyo nikikuta Mgogo kakaa kwenye siti yangu naweza kusema maneno ambayo mwingine akisema anapigwa. Kama hujui kabila la mtu usibahatishe. Anza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akiitikia kwa furaha ndo utajua pa kuanzia, akikuangalia tu basi ongea kiserikali.

Tuje kwenye mambo yenyewe.

Treni ya SGR. Tangu safari za Dar–Dodoma zianze 2024 naona kuna kabila jipya la wasafiri, wale wanaoangalia tamthilia kwa spika masaa yote matatu na kitu. Kwenye basi ilikuwa haisikiki sana kwasababu dereva mwenyewe kafungulia muziki, ila behewa la treni ya umeme limetulia kiasi kwamba unasikia hadi mtu anavyomenya pipi. Hapa usimuangalie jicho la pembeni, wenye spika hawaonagi macho. Mfuate au muinamie, sauti ya chini kabisa, muulize kama ana hedifoni. Kama hana na wewe una za ziada mpe. Mi natembea na zile za bei rahisi za machinga kwenye pochi, nimeshagawa mbili mpaka sasa, ni hela ndogo sana ukilinganisha na safari nzima ya kusikiliza mama mkwe wa kwenye tamthilia akilia. Ikishindikana kuna wahudumu, wanapita mara kwa mara, waambie wao, kuagizwa na mwenye sare hakuumi kama kuagizwa na abiria mwenzio. Anayeongea na simu kwa kelele yeye subiri mahandaki ya Kilosa, mara nyingi mtandao ukikatika anabaki anasema "hallo hallo", hapo ndo umuwahi kwa stori nyingine yoyote kabla hajapiga tena.

Foleni sasa. Hapa nina uchungu kwahiyo nitaongea.

Kuna foleni ya benki, ya hospitali, na kuna ile ya ndoo siku maji yakiwa ya mgao. Ya ndoo ndo chuo kikuu. Pale mtu hapangi foleni, ndoo ndo inapanga, mwenye ndoo kaenda kupika kabisa nyumbani, na ndoo moja ikigeuka nne akirudi hamna wa kumuuliza. (Babu zangu wapagazi walikuwa wanatoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa huku ili wapite na wanywe maji, kwahiyo kugombea maji Ugogo hakujaanza jana.) Nilichojifunza pale kinafaa foleni zote: ukifika tu uliza kwa sauti, "jamani wa mwisho nani?" Sauti ya wote wasikie. Aliye wa mwisho atanyoosha mkono, unamwambia "basi mi niko nyuma yako dada", tayari una shahidi na watu wameshakuona sura. Akija wa nyuma yako na wewe mtambue, mwambie "uko baada yangu". Foleni ambayo watu wameongea haivamiwi ovyo, inayovamiwa ni ile ambayo kila mtu kainamia simu yake.

Akitokea mchomekaji, usimwambie "acha kuchomekea". Mwambie "kaka, wa mwisho ni yule mzee mwenye kofia pale". Unamsaidia kama vile hakuona. Tisini kwa mia, eeh namba hiyo ni ya kwangu tu ya kukisia, wanasema "aah sikujua" na wanaenda nyuma, wanajua walijua na we unajua walijua, ila mlango wa kutokea upo. Wapo wa "mi nauliza tu", anafika dirishani kuuliza tu anatoka na risiti. Huyo muwahi kabla hajafika, mwambie "hata sisi tunauliza mkuu". Na kuna yule "nilikuwa hapa", alikuwepo saa 2 asubuhi, akaenda kunywa chai na chapati, karudi saa 5. Mi huwa nawaachia foleni wamuamue, nauliza tu "jamani huyu kaka mnamkumbuka?" Mama mwenye mtoto mgongoni au mzee akiomba apite, mpishe, usiwe na roho mbaya kwasababu umesoma makala ya foleni.

Dirisha la daladala halina mshindi. Julai na Agosti upepo unapuliza vumbi, ukifungua mnashuka wote mmekuwa rangi ya ukuta, Oktoba na Novemba jua linawaka ukifunga mnapikwa. Aliyekaa dirishani ndo waziri wa hilo dirisha, muombe yeye, usimpitishie mkono usoni kulifungua mwenyewe. Kufunga nusu kunakubalika na pande zote.

Chenji. Konda akisema "nitakupa mbele" mwambie kituo chako na kiasi kwa sauti, "kaka nimekupa elfu tano, nashuka sokoni", abiria wa pembeni wakishasikia inatosha, usianze kumkumbusha kila mita mia kama kengele.

Wakala wa kutoa na kuweka hela ambaye anatangaza, "wa laki tatu na nusu nani?" na pale nje kuna bodaboda sita wamekaa. Hili silo la kusubiri uombe vizuri, liwahi kabla. Kabla hujatoa mwambie "dada naomba usiitaje, niandikie". Nilishamwambia mmoja akacheka akasema hakuwahi kufikiria. Kweli hakuwahi. Wengi wanaotukera hawajawahi kuwaza hata dakika moja, ndo maana ukimjia na hasira ya wiki mbili anakushangaa.

Wanaotupa chupa dirishani kwenye basi, mi nilishindwa kuwaambia, nikaamua kubeba mfuko wangu na kusema "weka humu kaka". Mfuko wa kitambaa lakini, rambo zilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na ukikutwa nayo unaweza kulipa faini ya 30,000. Anayevuta sigara stendi pembeni ya watoto yupo upande mbaya wa sheria ya tumbaku ya 2003, ila usianze na sheria, anza na mtoto: "kaka huyu mdogo ana pumu".

Jirani na sabufa lake. Kanuni moja tu: usiende usiku. Saa 6 usiku wewe una nguo ya kulalia na hasira, yeye ana wageni na bia, hapo anajibu mbele za watu na hawezi kushindwa. Nenda kesho yake jioni, salimia, ongeeni habari za maji na umeme kwanza, kama ni msimu wa zabibu beba kidogo, afu ndo useme "jirani jana mlifurahi eeh, ila ukuta wetu ule ni mwembamba". Mpe saa: "ikifika saa 4 naomba lipungue". Ombi lenye saa linatekelezeka, "muwe mnapunguza" hakuna anayejua ni nini. Ikishindikana mara mbili nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama ni grosari au baa, kuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015 na NEMC, wale wa baraza la mazingira, wameshazifungia baa kwa ajili hiyo, ila wakifika majirani wote mtajulikana, kwahiyo nendeni zaidi ya mmoja.

Wa kuwaacha: mlevi, mwenye msiba, na bodaboda aliyeko kijiweni kwake. Bodaboda mmoja barabarani ni mtu unaongea naye, kijiweni ni ukoo.

Na siku ukiambiwa wewe, maana utaambiwa, usijieleze. Usiseme mtandao ulikuwa mbaya, usiseme ni mara moja tu. Sema samahani, punguza, afu angalia nje. Mi yule bibi nilianza kumuelezea kwamba ni mambo ya harusi, akanikatisha, "tumeshasikia mjukuu wangu, na laki mbili ni nyingi, mwambie akupunguzie".